Kinga Isiyokinga

Neno bima lilitufikia kwa Kihindi, na shina lake la Kiajemi, bim, maana yake ni hofu. Tuanzie hapo, kwa sababu vipengele vinavyouzwa kando ya bima ya gari vyote huuzwa kwa hofu: kioo kupasuka, gari kulala gereji, gharama kukurudia. Hofu ikipewa jina bovu, mnunuzi huilipia kabla ya kuipima.

Nyongeza. Sokoni, nyongeza ni viazi viwili anavyokutupia mama muuzaji ukishalipa. Ni ukarimu. Nyongeza ya bima hulipiwa, tena upya kila mwaka, ilhali jina lake bado linanukia zawadi. Napendekeza kipengele cha hiari. Hiari ni neno la Kiarabu lililoota mizizi kwetu hata likazaa methali, hiari yashinda utumwa. Alisikiaye anakumbuka kwamba hata kukataa ni haki yake.

Bima kamili. Kilichokamilika hakidai kitu. Vipi basi kiongezewe vipengele? Bima kubwa, wasemavyo Watanzania, ina unyofu zaidi, lakini ukubwa nao huficha mipaka. Ningechagua bima pana. Kila kilicho kipana kina kingo zake, na swali la kwanza la mnunuzi ni hilo: ukingo uko wapi?

Kinga. Tunakinga mvua, tunakinga uso kwa mkono, na tunajua kuwa kinga ni bora kuliko tiba. Kinga huzuia. Sasa hiyo “kinga ya kioo” imezuia jiwe gani lililorushwa na tairi la lori? Kazi yake ni kulipa kioo kipya, yaani ni tiba iliyovishwa jina la kinga. Neno lake tunalo: fidia. Tuseme fidia ya kioo, na papo hapo mtu atauliza kioo chenyewe ni bei gani.

Eksesi. Wapo wanaoitafsiri “kiasi cha ziada”. Ziada kwa nani? Hiyo ni sehemu ya hasara anayoibeba mwenye gari kabla kampuni haijatoa chake. Jina lake liwe fungu la mwenyewe, na kipengele kinachomwondolea mzigo huo kiitwe kifutafungu. Majina yakinyooka, hesabu nayo hunyooka: tuseme fungu ni shilingi 25,000 na kifutafungu ni 2,500 kwa mwaka. Miaka kumi ya kulipa ni sawa na fungu moja. Mwenye akiba ya fedha hiyo na rekodi ya kutogonga aache. Asiye na akiba ana sababu ya kununua.

Kupoteza matumizi. Hakuna Mswahili aliyewahi kusema amepoteza matumizi ya gari. Husema gari liko gereji. Pale kampuni inapotoa fedha za kila siku kwa siku zilizowekewa kikomo, hiyo ni posho ya nauli. Anayeishi hatua chache kutoka kituo cha daladala atajua mara moja kama anaihitaji.

Enyi mawakala na waandishi wa hati za bima, andikeni fidia, fungu na posho. Majina haya yanataja nani analipa na analipia nini. Mteja akishayaelewa hayo mawili, ataamua mwenyewe kama bei inastahili.