Lengo la 17 la Maendeleo Endelevu

Lengo la 17 ni la mwisho kati ya Malengo ya Maendeleo Endelevu yaliyopitishwa na nchi 193 wanachama wa Umoja wa Mataifa mjini New York, Septemba 2015, yatimizwe ifikapo 2030. Lenyewe halihusu njaa, maji wala elimu. Linahusu namna nchi zitakavyosaidiana kuyafikia mengine 16: fedha, teknolojia, biashara, takwimu na kujenga uwezo wa taasisi. Majadiliano ya mwisho yaliongozwa na mabalozi wawili, Macharia Kamau wa Kenya na David Donoghue wa Ireland.

Fedha ndiyo sehemu ngumu. Lengo hili linarudia ahadi ya tangu 1970 kwamba nchi tajiri zitoe asilimia 0.7 ya pato lao la taifa kama misaada. Ni chache tu zilizowahi kuitimiza, zikiwemo Norway, Sweden, Denmark na Luxembourg. Kwa hiyo mkutano wa ufadhili wa maendeleo uliofanyika Addis Ababa Julai 2015 ulitia mkazo pia ukusanyaji wa kodi za ndani, mitaji binafsi na udhibiti wa madeni. Suala la madeni lilirudi mezani Sevilla, Hispania, mwaka 2025, katika mkutano ambao Marekani ilijitoa.

Hakuna adhabu kwa nchi inayozembea. Kila nchi hujitathmini kwa hiari na kuwasilisha ripoti New York. Kenya iliwasilisha ya kwanza 2017, Tanzania 2019.