Damu ya Pua

Desemba iliyopita nilivuka kutoka Mwanza kwenda Nansio nikiwa na kitabu cha manga begini. Mjomba wangu, kinyozi, alikifungua kama gazeti lolote, akaanzia kushoto. Nikamwambia Wajapani huanzia kulia. Akafika kwenye picha ya kijana anayemtazama msichana huku pua ikimtoka damu.

"Huyu kapigwa na nani?"

Hakupigwa na mtu. Katika manga, damu hiyo ni tamaa, kama vile puto linalotoka puani lilivyo usingizi. Mwaka 1995 Natsume Fusanosuke na Takekuma Kentarō walishiriki katika kitabu kuhusu namna ya kusoma manga, na humo alama za aina hii zilichambuliwa mojamoja. Mwaka 2013 Mmarekani Neil Cohn alitoa kitabu chenye hoja kubwa zaidi: picha zinazofuatana zina msamiati na sarufi, na michoro ya Wajapani ni lugha yake yenyewe. Njia mojawapo ya kuthibitisha ni ya subira tu: chukua kurasa nyingi, hesabu kila alama, linganisha nchi na nchi.

Kwa hoja hiyo, mjomba hakushindwa kusoma. Alikuwa ugenini. Lugha yake ya picha aliipata kwenye *Sani*, jarida lililobeba majina ya waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, na ambamo Philip Ndunguru aliwachora kina Lodi Lofa na Ndumilakuwili hadi alipofariki mwaka 1986. Mwaka 1999 mtafiti Rose Marie Beck aliuliza: je, hivi ni vibonzo kwa Kiswahili, au vibonzo vya Kiswahili?

Kulijibu swali hilo kunahitaji kurasa, na kurasa zinakwisha. Za mjomba, nyingi zilifungia maandazi. Nyingine zililowa kwa mvua. Zimebaki nakala saba, chini ya kiti cha kunyolea.

Tulizifungua pamoja, mimi na daftari la kuhesabia. Nikapita haraka picha ya mwanamke aliyesimama mlangoni, kanga kaizungusha kiunoni.

"Rudi," mjomba akasema. "Umeruka ugomvi."

Nikatazama tena. Alikuwa amefunga kibwebwe. Sikuwa nimeandika kitu.