Jina Lililoandikwa Juu ya Gitaa: Je, Linaongeza Thamani?



Waimbaji wa kwaya yetu walichanga feza kidogo kidogo mwaka mzima, wapate kununua magitaa mawili kwa nyimbo za Misa. Walipofika sokoni, mchuuzi mmoja akawaonyesha gitaa lenye maandishi meusi kifuani. Akawaambia: «Hii ni sahihi ya mwimbaji mkubwa, mkono wake mwenyewe. Nipeni feza ya magitaa mawili, nami nitawapa hili moja. Siku moja mtaliuza kwa faida.» Vijana hawakununua siku ile. Walirudi kwetu na swali: Je, sahihi ya mtu mashuhuri inaongeza kweli thamani ya chombo cha muziki?

Swali hili si jipya. Ili kulijibu vizuri, tulianza nao mbali, katika nchi ya Italia, maana huko jina la mtu lilipata kuwa na bei kubwa kuliko mbao zenyewe.

Kaskazini mwa Italia, karibu na mto Po, uko mji wa Cremona. Hapo walikaa mafundi wa fidla, ile ambayo wengi kwetu huiita violoni. Aliyepata sifa kuliko wote ni Antonio Stradivari, aliyefariki mwaka 1737. Vyombo vyake zaidi ya 600 vingaliko hata leo. Alikuwa na desturi ya kubandika kikaratasi ndani ya chombo, nawe ukichungulia katika tundu la sauti utakiona. Kikaratasi hicho kinasema kwa Kilatini kwamba Antonio Stradivari wa Cremona ndiye aliyekifanya chombo hicho, kisha kinataja mwaka. Kilikuwa kama neno la fundi kwa mnunuzi: kazi hii ni yangu, nami sioni haya kuikubali.

Katika mji uo huo alikaa Giuseppe Guarneri, aliyezaliwa mwaka 1698 na kufariki mwaka 1744. Huyu katika vikaratasi vyake alitia pamoja na jina lake msalaba na herufi IHS, alama ya jina takatifu la Yesu, ile ile mnayoiona katika altare nyingi. Ndiyo sababu watu wakamwita «del Gesù», maana yake «wa Yesu».

Basi, bei ya vyombo vya mafundi hao ilipopanda, wengine waligundua kwamba kuiga kikaratasi ni rahisi kuliko kuiga kazi. Katika karne ya 19, karakana za Mirecourt huko Ufaransa na za Markneukirchen huko Ujerumani zilitoa fidla nyingi sana za bei ndogo, na ndani yake mara nyingi kikaratasi chenye jina la Stradivari. Si kila mara walikusudia kudanganya. Mara nyingine walitaka kusema tu kwamba fidla imefuata umbo la zile za Stradivari. Lakini miaka ikapita, aliyeuza akafa, aliyenunua akafa, na mjukuu akakuta fidla katika sanduku la babu yake. Akisoma jina, moyo wake unaruka kwa furaha, naye anahesabu mali ambayo hana. Akiipeleka kwa wenye ujuzi wanamwambia: karatasi inasema ndiyo, bali mbao zinasema hapana.

Wenye ujuzi hao hawaanzi na jina. Wanaangalia kazi ya patasi, rangi ya vanishi, mkunjo wa kichwa cha fidla. Tena wanapima pete za mti, maana kila mwaka mti unaongeza pete moja, pana au nyembamba kwa kadiri ya hali ya hewa. Huko Oxford, Uingereza, iko fidla ya Stradivari ya mwaka 1716 inayoitwa «Masiya». Watu walipoitilia shaka, wataalamu walizipima pete za ubao wake wa mbele, wakaona kwamba pete ya mwisho ni ya miaka ya 1680. Maana yake mti ule ulikua wakati fundi mwenyewe yu hai. Jambo hilo peke yake halitoshi kumtaja fundi, lakini latuonyesha kwamba jina lahitaji ushahidi mwingine wa kulitegemeza.

Tuje sasa kwa majina ya wapigaji. Niccolò Paganini wa Genova, aliyefariki mwaka 1840, alikuwa na fidla ya Guarneri ya mwaka 1743, naye aliiita «Kanoni», yaani mzinga, kwa nguvu za sauti yake. Aliirithisha mji wake wa kuzaliwa, nao wanaitunza hata leo. Hapo heshima ya fidla haikuletwa na wino. Imeletwa na mikono iliyoishika miaka mingi.

Vivyo hivyo kwa magitaa ya siku zetu. Mwingereza Eric Clapton alichukua magitaa matatu ya zamani, akatoa sehemu nzuri za kila moja na kuunganisha gitaa moja jeusi, akalipiga miaka mingi. Mwaka 2004 liliuzwa kwa mnada mjini New York kwa dola 959,500, na feza ikaenda kwa nyumba aliyoianzisha huko Antigua ya kuwatibu watumwa wa pombe na madawa ya kulevya. Watu hawakulipa kwa ajili ya uzuri wa mbao. Walilipa kwa sababu ilijulikana hakika ni nani aliyelipiga.

Lakini pia yako magitaa yaliyopata bei kwa sahihi zenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2004 bahari ilifurika na kuua watu wengi sana katika Asia. Basi wapigaji mashuhuri, kama Paul McCartney, Mick Jagger na Clapton huyo huyo, walitia sahihi zao juu ya gitaa moja, na mwaka 2005 likauzwa huko Qatar kwa dola milioni 2.7 ili kuwasaidia walioumia. Bila majina hayo, lingekuwa gitaa kama mengine ya dukani. Kumbe jina laweza kugeuka mkate wa mwenye njaa, mradi ni la kweli na limetolewa kwa moyo.

Palipo na faida, mwongo hayuko mbali. Mwaka 1999 polisi wa Marekani waliwafichua watu wengi waliouza sahihi za uongo, hasa za wachezaji wa michezo. Hawakuona haya hata kughushi jina la Mama Teresa wa Calcutta juu ya mipira.

Basi tuliwajibu vijana hivi. Kwa sauti, sahihi haiongezi kitu. Wino haukazi nyuzi wala haumfundishi mtu kupiga. Kwa ukumbusho, inaongeza, ikiwa yule mtu alikishika kweli chombo kile, au alikutoa kweli mkono wako. Kwa bei, inaongeza ikiwa tu wako mashahidi: picha, barua, mtu aliyekuwapo. Sahihi yenyewe ni shahidi mmoja, na shahidi mmoja asiyejulikana hatoshi kumaliza shauri.

Tukawauliza: «Maandishi yale yalikuwa mahali gani?» Wakasema yalikuwa juu ya kile kipande cha plastiki kinachokinga ubao usikwaruzwe. «Kimefungwa na nini?» Wakatazamana. Kimefungwa na skrubu. Kipande cha namna hiyo hufunguliwa kwa dakika chache na kufungwa juu ya gitaa lingine lolote, hata kama mwimbaji hajaliona kamwe.

Jumamosi iliyofuata walirudi sokoni, wakanunua magitaa mawili yasiyo na jina la mtu. Moja lilikuwa na sauti nzuri tangu mwanzo. La pili lilihitaji nyuzi mpya. Sasa yanapigwa kila Dominika, na tayari mbao zimeanza kung'aa pale vidole vinapopita. Alama hiyo haiwezi kuuzwa kwa mnada, lakini kila mmoja katika parokia anajua ni ya nani, na hakuna awezaye kuighushi.