Meli za Mitumba na Vumbi Lisilohesabiwa

Wajerumani walipohamisha makao yao makuu kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam mwaka 1891, sababu mojawapo kubwa ilikuwa kina cha maji: meli za mvuke zililazimika kutia nanga mbali na ufuko wa Bagamoyo. Mji ukabaki na majahazi. Fundi wa jahazi anajua kila kilichomo chomboni mwake: mbao, misumari, pamba ya kalafati, mafuta ya sifa. Meli ya chuma ni jambo jingine. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, boila zake, mabomba ya mvuke na hata kuta za vyumba vilikingwa kwa asbestosi, madini ya nyuzi yasiyoungua. Nyuzi hizo zikivunjwa hugeuka vumbi, na saratani itokanayo na vumbi hilo huweza kukawia miaka 30 au 40 kabla ya kujitokeza.

Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, ulizuia ufungaji mpya wa asbestosi kuanzia Julai 2002, ukiacha matumizi machache, kisha ukaupiga marufuku kabisa Januari 2011. Neno la kuzingatia ni "mpya". Iliyokwishafungwa iliruhusiwa kubaki. Tena mkataba huo unahusu safari za kimataifa. Safari ya Dar es Salaam kwenda Unguja au Bagamoyo iko chini ya sheria zetu wenyewe.

Nasi ni wanunuzi wa meli za mitumba. MV Spice Islander I, iliyozama karibu na Nungwi tarehe 10 Septemba 2011, ilijengwa Ugiriki mwaka 1967. Mjadala uliofuata ulitawaliwa na idadi ya abiria na ukaguzi, na ni haki, kwa kuwa watu walikuwa wakizika. MV Dar es Salaam ilipoletwa mwaka 2014 kwa njia ya Bagamoyo, hoja ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu ilikuwa kasi yake. (Sidai kwamba meli hiyo ina asbestosi, nazungumzia maswali tuliyoyazoea.) Aliyezama huonekana siku ileile. Fundi aliyebandua kinga ya bomba bila barakoa huugua akiwa mstaafu, na hakuna anayeikumbuka meli.

Mkataba wa Hong Kong, ulioanza kutumika Juni 2025, unadai kila meli kubwa ya kimataifa iwe na orodha ya vitu vya hatari vilivyomo. TASAC, na ZMA kwa upande wa Zanzibar, wanaweza kuidai orodha hiyo hata kwa meli za ndani kabla ya kuzisajili, nakala moja ikabaki chumba cha injini, kwa yule atakayeshika tindo.