Kutoka Ukutani hadi Tunguu: njia ya suluhu

Nilianza Ukutani, mtaa wa vichochoro wa Unguja ambako Sheikh Abdalla Bakathir alisomesha. Rafiki yake, Sayyid Ahmad bin Sumayt, alikuwa kadhi. Wote wawili walifariki 1925. Katika fiqhi ya Kishafii suluhu ina mlango wake na masharti yake: mapatano hayahalalishi haramu wala hayaharamishi halali. Na mke na mume wakihitilafiana, Sura An-Nisaa, aya ya 35, inaagiza aletwe mwamuzi kutoka kwa jamaa za kila mmoja. Profesa wa sheria Frank Sander alipohutubia Minnesota mwaka 1976, akiwahimiza Wamarekani watafute njia za kumaliza migogoro nje ya kesi, Unguja somo hilo lilikwishasomwa mkekani.

Nikaelekea Vuga. Jengo la zamani la Mahakama Kuu, kazi ya J. H. Sinclair iliyokamilika 1908, ndipo mdai na mdaiwa waliposimama, na mmoja akaondoka ameshindwa. Hukumu ina mahali pake. Aliyedhulumiwa asilazimishwe kupatana. Lakini ndugu wanaogombea nyumba ya urithi, baada ya hukumu, bado watapanda ngazi moja.

Jirani ya jengo hilo ni Ikulu, nayo aliichora Sinclair; hapo nikakumbuka suluhu za siasa. Muafaka wa kwanza kati ya vyama hasimu vya Zanzibar, wa 1999, ulisuluhishwa na Jumuiya ya Madola. Januari 2001 damu ikamwagika, na Oktoba ukasainiwa wa pili. Kisha, tarehe 5 Novemba 2009, Rais wa Zanzibar Amani Abeid Karume na kiongozi wa upinzani Maalim Seif Sharif Hamad wakakutana ana kwa ana. Kura ya maoni ya 31 Julai 2010 ilikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa kwa asilimia 66.4. Uchaguzi wa 2015 ukaitikisa: suluhu isipolelewa, huvunjika.

Nikapanda daladala hadi Tunguu, kwenye Chuo Kikuu cha Zanzibar kilichoanzishwa 1998, ambako sheria na sharia husomeshwa pamoja. Walimu wa sheria wa visiwa hivi, nawaomba: wapelekeni wanafunzi kwa masheha, kwa makadhi na kwenye mabaraza ya wazee. Wajifunze kumwacha mtu amalize maneno yake kabla ya kumuuliza. Kisha wajibu: nani alinyamaza, na alinyamaza kwa kuridhika au kwa hofu? Atakayeweza kutofautisha kimya hicho na kile, huyo ndiye wa kukabidhiwa ugomvi wa watu.