Gari mpya na vumbi ya huku kwetu: namna ya kulinda mng'ao kati ya lavaje na lavaje

Asubuhi mapema, kwenye parkingi za teksi mjini Goma, kitu cha kwanza mashofere wengi wanafanya ni kuchukua kitambaa. Gari imelala inje, vumbi imeifunika usiku mzima. Shofere anapangusa kapo, milango na paa, na gari inang'aa tena. Ni kazi ya dakika tano, bila maji na bila kutoa hata franka moja.

Lakini kisha miezi michache, gari ile ile iliyofika kutoka Mombasa ao Dar es Salaam iking'aa kama kioo inaanza kufifia. Ukiitazama kwenye jua, unaona mistari midogo midogo imezunguka kama utando wa buibui. Mwenye gari anasema rangi ilikuwa mbaya. Mara nyingi rangi haikuwa na kosa. Kosa ni kile kitambaa kikavu cha asubuhi.

Vumbi hii ni mawe

Katika Goma, Nyiragongo na viunga vyake, vumbi si udongo tu. Lava ya volkano ya Nyiragongo iliingia mpaka katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002, na mwaka 2021, tarehe 22 Mei, ilishuka tena upande wa kaskazini ya mji. Mawe yake yanavunjwa kokoto, yanajengewa nyumba na kutandikwa kwenye barabara. Kila gari inayopita juu yake inayasaga. Ile unga nyeusi inayokaa juu ya kapo ni vipande vidogo vya jiwe, vyenye ncha kali.

Kwa upande wa Beni na Butembo, vumbi ni nyekundu. Inaonekana laini kwa mkono, lakini ndani yake kuko chembe za mchanga. Bukavu na mitaa yake ya milima iko na shida ya matope: yakikauka juu ya mlango, yanakuwa vumbi ile ile. Kila mahali sheria ni moja: chembe zile ni ngumu kuliko sehemu ya juu ya rangi ya gari. Ukizisukuma kwa kitambaa kikavu, unakwangua gari yako wewe mwenyewe.

Verni ni ngozi ya gari

Gari nyingi za siku hizi ziko na tabaka ya mwisho juu ya rangi, inaitwa verni. Ni kama maji yaliyoganda, haina rangi, na ndiyo inaleta mng'ao. Ni nyembamba sana, haifikii hata unene wa unywele wa kawaida wa mtu. Kiwandani inakaushwa ndani ya tanuru lenye joto la karibu digrii 140, ndiyo sababu inakuwa ngumu vile.

Garaje nyingi za huku haziko na tanuru kama hilo. Gari inapakwa rangi upya na kukaushwa kwa hewa, mara ingine katika vumbi ile ile. Kwa hiyo verni ya kiwandani ikiisha, ni vigumu kupata ingine inayolingana nayo. Kwa familia iliyouza shamba ao kukopa pesa ili kununua gari ya kazi, hilo si jambo la urembo tu. Mnunuzi anatazama rangi kabla ya kufungua kapo, na rangi ikififia, bei inashuka. Na pale rangi ilipotoka kabisa, bati inabaki wazi na kutu inaingia.

Kazi ya kila siku: kumwanga, hapana kupangusa

Ikiwa gari iko na vumbi tu, na siku ya lavaje haijafika, kuko njia mbili salama.

Ya kwanza ni kuiacha. Vumbi iliyokaa kimya haikwangui kitu. Gari yenye vumbi siku mbili haiharibiki, lakini gari inayopanguswa kavu siku mbili imekwisha kukwanguliwa mara mbili.

Ya pili ni kumwangia maji bila kugusa. Bidoni moja ya lita 20 inatosha kwa gari ndogo. Toboa matundu madogo kwenye kifuniko cha bidoni, kisha uinamishe juu ya paa, maji yashuke yenyewe kwenye vioo, kapo na milango. Maji ndiyo yanabeba mawe. Kisha hapo tu ndipo kitambaa kinaweza kugusa gari, kikiwa kilicholoweshwa, na kwa mstari ulionyooka, hapana kwa kuzungusha.

Kitambaa kizuri ni kile cha mikrofibre, kinachouzwa kwenye maduka ya vipuri. Kisipopatikana, fulana ya zamani ya pamba, iliyo laini na isiyo na vifungo, inasaidia. Kikianguka chini, hakirudi juu ya gari mpaka kifuliwe. Kitambaa cha magurudumu kibaki cha magurudumu.

Na watoto waelezwe kwa upole: kuandika majina kwa kidole juu ya gari yenye vumbi kunaacha majina yale hata kisha kuosha. Kidole kimesukuma mawe ndani ya verni. Ni vilevile kwa mtu anayeegemea gari ao kuweka mfuko juu ya kapo.

Siku ya lavaje: ndoo mbili

Lavaje mbaya inaweza kuharibu kuliko vumbi. Kijana anachovya sponji ndani ya ndoo moja, anaosha magurudumu, kisha anapanda kwenye mlango na sponji ile ile. Mwenye gari anaweza kuomba mambo manne bila kugombana na mtu:

1. Gari imwagiwe maji kwanza, kabla ya sabuni.
2. Kuwe ndoo mbili: moja ya sabuni, ingine ya maji safi ya kusuuzia sponji kila mara.
3. Kazi ianze juu ya paa na kushuka chini. Magurudumu yawe ya mwisho, na sponji yao.
4. Gari iwe kwenye kivuli na kapo iwe imepoa. Kwenye jua sabuni inakauka haraka na kuacha madoa.

Sabuni ya unga ya kufulia nguo ni kali. Inatoa uchafu, ni kweli, lakini inatoa pia nta inayolinda verni. Sabuni ya gari ndiyo inafaa. Mazutu nayo, ambayo watu wengine wanapaka ili gari ing'ae, inadanganya macho: inang'aa saa chache, kisha inashika vumbi mara mbili na kuharibu mipira ya milango.

Maji ya ziwa

Maji ya Ziwa Kivu yako na chumvichumvi nyingi za madini. Yakikaukia juu ya gari, yanaacha alama nyeupe za mviringo, hasa kwenye gari nyeusi. Si lazima kuyakataa, maana kwa mitaa mingi ndiyo maji yanayopatikana. Lazima tu gari ipanguswe haraka na kitambaa safi chenye unyevu kabla maji hayajakauka. Alama zilizokwisha kushika zinaweza kutoka kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji, kisha kusuuzwa vizuri.

Kuingiza gari yenyewe ndani ya ziwa ni jambo lingine. Mafuta ya injini yanabaki ndani ya maji, na pembeni pale pale kuko mama na watoto wanaochota maji ya kunywa na kupikia. Chota maji, uoshee gari mbali na ukingo.

Vitu ambavyo havingoje siku ya lavaje

Vumbi inaweza kungoja. Vitu hivi havingoje:

- Mavi ya ndege. Yako na tindikali. Kwenye jua yanaweza kuacha alama kwenye verni kwa muda wa saa chache. Weka kitambaa chenye maji juu yake dakika tano, kisha uinue taratibu bila kusugua.
- Utomvu wa miti. Mwembe, avokado na mikaratusi inaleta kivuli kizuri, lakini inaangusha utomvu na kualika ndege.
- Mvua iliyopita ndani ya moshi wa volkano. Nyiragongo na Nyamulagira zinatoa gesi ya salfa. Gesi ile ikikutana na mvua, maji yanakuwa na tindikali. Wakaaji wa upande wa Rusayo na Sake wanaijua kwa mazao yao na kwa mabati ya nyumba yanayooza haraka. Mvua kama ile ikinyesha, gari imwagiwe maji safi.
- Majivu ya volkano. Yakianguka, hapana kugusa gari kabisa na kitambaa. Ni maji tu, tena maji ya kutosha.

Polishi na nta si kitu kimoja

Hapa watu wengi wanachanganya. Polishi inakwangua. Inapunguza verni kidogo ili mistari isionekane tena. Ukiitumia kila mwezi, unamaliza verni. Nta haikwangui kitu: inakaa juu ya verni na kuilinda, ili vumbi na maji visishike. Soma vizuri kwenye kopo kabla ya kununua, na uulize muuzaji kama bidhaa ile inakwangua ao inalinda.

Kwa gari inayolala inje, nta mara moja kila miezi miwili ao mitatu inatosha. Namna ya kujua kama imekwisha ni rahisi: mwangia maji kidogo kwenye kapo. Yakijikusanya kama shanga na kuteremka, nta iko. Yakitandaa kama shuka, nta imekwisha.

Kabla ya kupaka nta, gari iwe imeoshwa na kukauka. Ingiza mkono ndani ya sashe ya plastiki nyepesi na uupitishe polepole juu ya mlango. Ukisikia vipele, chembe zingali zimeshika, rudia kuosha. Na gari iliyopakwa rangi upya kwenye garaje isipakwe nta mara moja: fundi aulizwe muda wa kungoja, mara nyingi ni mwezi mmoja ao zaidi, ili rangi ikauke mpaka ndani.

Kioo na fari

Vumbi ya volkano haichagui. Ukiwasha wipa juu ya kioo kikavu chenye vumbi, unakwangua kioo. Mchana huoni kitu. Usiku, fari ya gari inayokuja inapiga ile mistari na mwangaza unatawanyika mbele ya macho yako, kwenye barabara isiyo na taa, yenye watu wa miguu, mapikipiki na machukudu. Kwa hiyo maji kwanza, wipa kisha. Mipira ya wipa ipanguswe na kitambaa chenye maji kila asubuhi.

Fari zenyewe ni za plastiki. Jua la huku juu, Goma na Bukavu zikiwa kwenye mwinuko wa karibu mita 1.500, linazigeuza manjano. Nta inazisaidia pia.

Mahali pa kulaza gari

Gari ilale mbali na ukingo wa barabara ya vumbi, kwenye kivuli cha nyumba kuliko cha mti. Bashi ya kufunika ni nzuri ikiwa gari iko safi. Ukiifunika na vumbi juu yake, upepo unatikisa bashi usiku kucha na kusugua gari, sawasawa na kile kitambaa kikavu cha asubuhi.

Lavaje nyingi si lazima, wala polishi ya bei kali. Shofere wa asubuhi aweke kitambaa chake chini na kuinua bidoni kwanza. Maji yatoe mawe, ndipo mkono ufuate.