Rangi za Mbuna, Majina ya Mwambao

Kwa wafugaji wa samaki wa mapambo wa Ujerumani na Marekani, Hongi, Pombo na Mbamba Bay ni majina ya rangi. Hubandikwa kwenye kioo cha tangi ili mnunuzi ajue samaki aliyemo ndani ni wa buluu ya wapi. Kwa hakika ni kisiwa, miamba na bandari za mwambao wa Ziwa Nyasa, Tanzania, uliokuwa chini ya Wilaya ya Mbinga hadi Wilaya ya Nyasa ilipoanzishwa mwaka 2012.

Samaki wenyewe ni mbuna, wengi wao wa urefu wa kidole. Mezani hawana heshima: mgeni wa Mbamba Bay huandaliwa mbasa, na usipa ndio unaoanikwa ufukweni. Mbuna hung'ang'ania miamba yake na hukwepa kuvuka mchanga mtupu. Jike huatamia mayai mdomoni kwa takriban wiki tatu, kisha huwaachia watoto palepale alipozaliwa yeye. Ndiyo maana mwamba mmoja huwa na samaki wa mgongo mwekundu, na ng'ambo ya ghuba ndugu zao wakawa na sura nyingine kabisa.

Wataalamu wa kwanza hawakuiona tofauti hiyo. Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Wajerumani, alikusanya samaki wa ziwa hili mwishoni mwa karne ya 19 na kuwapeleka Berlin. Mtaalamu wa samaki Ernst Ahl alipompa mmoja wao jina la Labeotropheus fuelleborni mwaka 1926, alikuwa na maiti zilizohifadhiwa katika spiriti, na spiriti hula rangi. Kilichobaki kupimwa ni meno na umbo la pua.

Rangi ilipata thamani biashara ya samaki hai iliposhamiri Malawi kuanzia miaka ya 1960. Upande wa Tanzania ulichelewa. Mwaka 1994 mtaalamu wa samaki Ad Konings alimwandika rasmi samaki wa Miamba ya Pombo, mwenye mistari ya buluu na nyeusi, dume na jike wakifanana, akamwita demasoni kwa heshima ya mfanyabiashara Laif DeMason. Leo ni miongoni mwa mbuna wanaotafutwa zaidi duniani.

Kama wakusanyaji wa sarafu na stempu, wafugaji wa mbuna hupenda zaidi kilichotoka nje ya kanuni. Baadhi ya mbuna wana madoa meusi juu ya rangi ya chungwa, na karibu wote ni majike. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba madoa hayo yanatokana na badiliko katika jeni ya Pax7, iliyo jirani na jeni ya kuamua jinsia. Dume mwenye madoa ni nadra. Wapenzi wake humwita paka wa mamaledi (marmalade cat).

Hatari ipo. Huko kisiwa cha Thumbi West, Malawi, wafanyabiashara waliachia samaki wa sehemu nyingine, wakazaliana na wenyeji, na mipaka ya rangi ikavurugika. Demasoni naye anajulikana Pombo na Ndumbi tu, na shirika la uhifadhi la IUCN limemweka kwenye kundi la walio hatarini. Wengi wanaouzwa sasa wamezaliwa matangini, mbali na Nyasa. Halmashauri na wavuvi wa mwambao wangefanya vyema kuwa na daftari lao wenyewe la rangi gani ni ya mwamba gani, kabla ya mfanyabiashara mwingine kuhamisha ndoo moja ya samaki.